Gustave Doré: Mchoraji wa Giza Aliyeitafuta Nuru

Katika mwezi wa Novemba Mama Kanisa hutualika kuwakumbuka marehemu wetu na kutafakari mambo manne ya mwisho: kifo, hukumu, mbingu na jehanamu. Tunapoyatafakari, akili zetu hazikai bila picha. Binadamu akisikia neno moto huuona moto, na akisikia neno giza huona mahali asipopenda kufika. Watu wengi ulimwenguni, hata wale wasiolijua jina lake, huiona jehanamu kwa macho ya Mfaransa mmoja aliyefariki dunia mwaka 1883, Gustave Doré. Hakuwa padre wala mwanateolojia. Alikuwa mchoraji wa vitabu. Inafaa tuyatazame maisha yake, kwa sababu yanagusa swali linalowasumbua wazazi na walezi wengi: je, Mkristo anaweza kuchora mashetani, makaburi na misitu ya kutisha pasipo kuidhuru roho yake? Na huyo anayechora giza, huyachota wapi maono yake?

Chini ya mnara wa Strasbourg

Gustave Doré alizaliwa tarehe 6 Januari 1832, siku ya Tokeo la Bwana, katika mji wa Strasbourg, mashariki mwa Ufaransa, karibu na mpaka wa Ujerumani. Baba yake, Pierre-Louis, alikuwa mhandisi wa serikali aliyeshughulikia barabara na madaraja. Mama yake, Alexandrine, alimpenda mwana huyu upeo, na tangu mapema aliamini kwamba amepewa kipaji kisicho cha kawaida.

Mji wa Strasbourg una Kanisa Kuu la Bikira Maria, ambalo mnara wake unafikia mita 142. Wakati Doré akiwa mtoto, hapakuwa na jengo lililosimama juu kuliko hilo duniani kote. Kuta zake za mawe mekundu zimejaa sanamu: manabii, wanawali wenye busara na wanawali wapumbavu, malaika wanaopuliza tarumbeta za Hukumu ya Mwisho, pamoja na wanyama wa ajabu wanaochungulia kutoka kwenye mapaa. Huko ndiko mtoto alikojifunza kwa macho, kabla hajajifunza kwa vitabu. Ukitoka mjini kuelekea magharibi unaifikia milima ya Vosges yenye misitu mikubwa ya misonobari, ambamo mwanga wa jua huingia kwa shida kati ya mashina marefu. Kanisa na msitu: hayo mawili yalikaa ndani yake mpaka mwisho. Anayeichunguza michoro yake ya utu uzima ataona jinsi anavyoiinua miti kama nguzo za kanisa, na jinsi nguzo za majengo yake zinavyoota kama miti.

Doré alipokuwa bado mtoto, baba yake alihamishiwa Bourg-en-Bresse, na familia ikamfuata huko. Mvulana alijaza daftari zake za shule kwa vikaragosi vya walimu, majirani na wanyama waliovishwa nguo za watu. Mwaka 1847, akiwa na umri wa miaka 15, alifika Paris pamoja na wazazi wake. Michoro yake ikamfikia Charles Philipon, mchapishaji wa magazeti ya kuchekesha, ambaye mara moja akakitambua kipaji chake. Kijana akabaki Paris, akasoma katika shule ya Charlemagne na huku akimchorea Philipon katuni za kila juma kwa mkataba wa miaka mitatu. Hakupitia chuo chochote cha sanaa. Shule yake ilikuwa makumbusho ya Louvre, hazina ya michoro ya kale katika maktaba kuu, pamoja na kumbukumbu ya ajabu iliyohifadhi kila alichokitazama.

Mwaka 1849 baba yake alifariki dunia. Doré, akiwa na miaka 17, akawa tegemeo la nyumba: mama yake mjane na ndugu zake wawili. Tulizingatie jambo hili. Mara nyingi tunadhani msanii ni mtu wa ndoto tu, asiye na majukumu. Huyu alichora usiku na mchana ili watu wale. Hakuoa, na aliishi na mama yake mpaka kifo kilipowatenganisha.

Safari ya jehanamu

Katuni zilimpa mkate, lakini hazikuushibisha moyo wake. Mwaka 1854 michoro yake ya kitabu cha Rabelais ilimpatia sifa. Hapo akapanga mradi mkubwa: kuvichora, kimoja baada ya kingine, vitabu vilivyo nguzo za fasihi ya ulimwengu, katika majalada makubwa yenye hadhi. Cha kwanza alichokichagua ni Divina Commedia, yaani Komedia ya Kimungu, utenzi wa Dante Alighieri, Mkatoliki wa Firenze aliyefariki dunia mwaka 1321. Utenzi huo unasimulia safari ya mtu aliyepotea katikati ya umri wake. Anashuka jehanamu, anapanda mlima wa toharani, kisha anainuliwa hadi mbinguni kumtazama Mungu.

Doré alianza na Jehanamu. Mchapishaji Hachette aliogopa gharama, kwa kuwa kitabu kingeuzwa kwa faranga 100, bei ambayo wakati ule wachache waliweza kuilipa. Doré hakukata tamaa, akagharimia uchapishaji kwa fedha zake mwenyewe. Kitabu kilitoka mwaka 1861, kikanunuliwa kwa haraka hata mchapishaji akaona haya kwa woga wake. Mwaka huohuo serikali ya Ufaransa ikamtunuku nishani ya heshima.

Kuna nini katika michoro hiyo zaidi ya sabini? Wa mwanzo unamwonesha Dante ndani ya msitu wa giza, akigeuka kutazama nyuma, mizizi ikijisokota miguuni pake kama nyoka. Ni msitu wa utoto wa mchoraji, ila sasa umekuwa msitu wa dhambi. Mbele zaidi tunamwona Karoni akizisukuma roho kwenye mashua yake, na Francesca na Paolo wakipeperushwa na dhoruba isiyowapa pumziko. Tunawaona pia watu waliojiua, ambao wamegeuka miti yenye miiba. Mwishoni kabisa yuko Lusifa. Msomaji anayetarajia kumkuta katikati ya ndimi za moto hushangaa, kwa maana Dante alimweka katika barafu, na Doré akamfuata. Ni jitu lenye mabawa ya popo, limezama katika ziwa lililoganda, wala haliwezi kutoka.

Hapa mchoro unafundisha vizuri kuliko mahubiri mengi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 1035, inatueleza kwamba adhabu kuu ya jehanamu ni kutengwa na Mungu milele. Barafu ile ndiyo maana yake: moyo uliokataa kupenda umeganda. Shetani wa Doré hatishi kwa nguvu zake. Anatisha kwa upweke wake, na yuko kama mfungwa aliyejijengea gereza mwenyewe. Mchoraji aliyetaka kuushangilia uovu angemchora akicheka juu ya kiti cha enzi.

Nuru hupatikana kwa kuchonga

Inafaa kueleza jinsi michoro hii ilivyotengenezwa, maana kazi yenyewe ina somo. Doré alichora kwa wino na rangi moja kwa moja juu ya vipande vya mti mgumu sana, vilivyolainishwa kama kioo. Kisha mafundi wachongaji, miongoni mwao Héliodore Pisan na Adolphe Pannemaker, walichukua patasi ndogo na kuchonga mistari membamba kama unywele. Ubao usiochongwa, ukipakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi, hutoa weusi mtupu. Kila penye mwanga katika picha, iwe ni mwezi juu ya maji, au uso wa mtoto, au bawa la malaika, ni mahali ambapo fundi aliondoa kitu. Giza ni mahali ambapo mkono haujapita. Nuru ni jeraha dogo lililotiwa kwa subira.

Wanafunzi wa maisha ya kiroho wanalijua jambo hili. Mungu hatutii nuru kwa kutupaka rangi juu juu. Hutuchonga, na kuchongwa kunauma. Mtakatifu Augustino alifundisha kwamba uovu si kitu chenye asili yake chenyewe, bali ni upungufu wa wema uliopaswa kuwapo. Kazi ya mikono ya wale mafundi wa Paris inaliweka fundisho hilo mbele ya macho.

Wala Doré hakuishia kwenye Jehanamu. Mwaka 1868 alitoa Toharani na Paradiso. Katika mchoro wake maarufu wa mbinguni, Dante na Beatrice wamesimama, wadogo kabisa, wakitazama duara juu ya duara la malaika wasiohesabika, mfano wa waridi jeupe linalofunguka. Hapo ubao umechongwa karibu wote. Kwa miaka 7 wasomaji wa Doré walikuwa wameachwa jehanamu, na wengi hadi leo hawajatoka humo, kwa sababu kitabu cha kwanza kilipendwa kuliko viwili vilivyofuata. Hilo si kosa la mchoraji. Ni udhaifu wetu sisi tunaopenda kutazama ajali barabarani kuliko macheo ya jua. Papa Fransisko, katika barua yake ya kitume ya tarehe 25 Machi 2021 kuhusu Dante, alimtambua mshairi huyo kuwa nabii wa matumaini. Anayemsoma Dante au kumtazama Doré bila kufika mwisho wa safari amebeba mzigo nusu ya njia na kuutua msituni.

Biblia, na mitaa ya London

Kati ya kazi hizo mbili, Doré alichora Biblia. Ilichapwa na nyumba ya Mame ya mjini Tours, ikatoka ikiwa na tarehe ya mwaka 1866, katika majalada mawili makubwa yenye michoro zaidi ya 220. Matoleo yake yalienea haraka katika lugha nyingi, kwa Wakatoliki na kwa Waprotestanti. Katika mchoro mmoja wa Gharika, mwamba wa mwisho umebaki juu ya maji. Simba-milia jike ameketi kileleni na mtoto wake mdomoni, na chini yake wazazi wa kibinadamu wanawasukumia watoto wao juu, wakati wao wenyewe wanazama. Hakuna neno la kusema hapo. Mzazi yeyote akiutazama anaelewa uzito wa dhambi na uzito wa upendo kwa pamoja. Yumo pia Yakobo akishindana na malaika, Danieli kati ya simba, na Mauti juu ya farasi katika Ufunuo. Mtakatifu Gregori Mkuu alifundisha kwamba picha kanisani ni kitabu cha wale wasiojua kusoma. Doré aliwatumikia hata wale wanaojua kusoma, lakini wamezoea maneno hata hayawagusi tena.

Kisha akaja kuiona jehanamu isiyo ya vitabuni. Akishirikiana na mwandishi Mwingereza Blanchard Jerrold, alizunguka mji wa London, mara nyingine usiku wakisindikizwa na askari polisi, hata katika vichochoro vya maskini, bandarini na kwenye vyumba vya wavuta kasumba. Kitabu chao kilitoka mwaka 1872 kikiwa na michoro 180. Baadhi ya Waingereza walikasirika, wakisema ameonesha umaskini kupita kiasi. Lakini tazama wafungwa wa gereza la Newgate wanavyozunguka katika ua mwembamba wenye kuta ndefu, ambao mchoraji Vincent van Gogh aliuiga kwa rangi mwaka 1890. Tazama na kile chumba cha hifadhi ya usiku, ambamo maskini wamelala katika safu, kila mmoja katika kisanduku kinachofanana na jeneza, na mtu amesimama akiwasomea Maandiko Matakatifu. Duara za Dante zilikuwa London. Tangu hapo hatuwezi kusema kwamba Doré alikuwa akiokota vitisho hewani. Alivitoa katika mateso ya watu halisi, akayaweka mbele ya macho ya wenye nafasi walionunua vitabu vyake.

Jeraha la moyo wake

Pamoja na mafanikio hayo, Doré hakuwa mtu mwenye furaha. Alitamani kuheshimiwa kama mchoraji mkubwa wa rangi za mafuta, si kama mchoraji wa vitabu tu. Alitengeneza picha kubwa kupita kawaida. Mojawapo, inayowaonesha Dante na Virgilio katika duara la tisa la jehanamu, ya mwaka 1861, inatunzwa katika monasteri ya Brou, mjini Bourg-en-Bresse, mji wa ujana wake. Nyingine inamwonesha Kristo akitoka katika ukumbi wa Pilato. Ina upana wa mita 9 hivi na kimo cha mita 6, na alikuwa na kazi hiyo mikononi tangu mwaka 1867 hadi mwaka 1872. Bwana wetu, amevaa nguo nyeupe, anashuka ngazi peke yake kati ya umati, kuuelekea msalaba. Leo picha hiyo iko katika makumbusho ya Strasbourg.

Wakosoaji wa Paris hawakumkubali. London ndiko alikokaribishwa, ambako ukumbi wa kudumu wa picha zake ulivuta umati mkubwa kwa zaidi ya miaka 20. Katikati ya hayo ikaja vita ya mwaka 1870. Doré alibaki Paris wakati mji ulipozingirwa, akajiunga na askari wa ulinzi wa raia. Vita ilipokwisha mwaka 1871, jimbo la Alsace pamoja na Strasbourg likawa mali ya Ujerumani. Mnara wa utoto wake sasa ulikuwa katika nchi ya kigeni.

Hapa tunaona hatari ya kweli iliyoinyemelea roho yake, nayo haikuwa mashetani aliyowachora. Ilikuwa kiu ya kusifiwa na watu fulani. Alikuwa na kipaji kilichozifikia nyumba za mataifa mengi, lakini alikihesabu kuwa kidogo, kwa sababu waamuzi wa mji mmoja walimnyima sifa aliyoitaka. Ni wangapi miongoni mwetu walio hivyo? Mwanakwaya mwenye sauti nzuri hujiona si kitu kwa kuwa hakupewa kuongoza. Katekista aliyewalea waamini wengi huzeeka na kinyongo kwa kuwa hakutajwa jina siku ya jubilei.

Mwezi wa Machi 1881 mama yake alifariki dunia. Kwa mtu aliyeishi naye miaka yote, huo ulikuwa msiba usiopimika. Kazi yake ya mwisho ya vitabu ilikuwa michoro ya Kunguru, shairi la Mmarekani Edgar Allan Poe juu ya mtu anayemlilia mpendwa aliyekufa. Kitabu hicho kilichapishwa baada ya kifo chake.

Lakini kuna picha nyingine aliyoishughulikia katika siku zake za mwisho, inayotunzwa katika makumbusho ya Petit Palais, Paris. Inaitwa Bonde la Machozi. Wakatoliki tunalijua bonde hilo, kwani tunalitaja kila tunapomwimbia Bikira Maria Salamu Malkia. Ndani yake wamejaa watu wa kila hali: wafalme na ombaomba, wagonjwa, wazee, akina mama na watoto wao. Mbali, katika mwanga, amesimama Kristo na msalaba wake, ameinua mkono kuwaita wote wanaosumbuka na kulemewa na mizigo, kama asemavyo Mathayo katika sura ya 11 ya Injili yake. Doré alifariki dunia Paris tarehe 23 Januari 1883, akiwa na miaka 51, akazikwa katika makaburi ya Père-Lachaise.

Tunajifunza nini?

Siandiki haya ili kumfanya Doré mtakatifu. Alikuwa na tamaa zake na uchungu wake, na hukumu yake iko kwa Mungu mwenye huruma. Hata hivyo, maisha yake yanatupa mwongozo.

Mzazi anayemkuta kijana wake akichora mifupa na mazimwi asikimbilie kuchana daftari. Aketi naye, amuulize anayeteseka katika picha ni nani, na kama kuna mlango wa kutokea. Giza linaloujua ukweli wa dhambi na mateso si adui wa imani. Maandiko yenyewe yana Gharika, yana kitabu cha Ayubu, yana Ijumaa Kuu. Adui ni giza linalopendwa kwa ajili yake lenyewe, linalocheka mateso na kuutukuza ukatili. Hilo tulikatae bila kusitasita, liwe katika mchoro, filamu au mchezo wa simu. Kipimo ni kimoja: je, picha hii inamfanya anayeitazama awaonee huruma zaidi waliopotea na auogope zaidi uovu, au inamzoesha kuutazama uovu bila kujali?

Kwa vijana wenye kipaji, Mtakatifu Yohane Paulo II aliwaandikia wasanii barua tarehe 4 Aprili 1999, akiwakumbusha kwamba uwezo wao ni cheche ya ule wa Muumba. Cheche hutunzwa. Msitafute maono katika mambo ya kishirikina au katika vitu vinavyolevya akili. Doré aliyapata katika kanisa la mji wake, katika misitu, katika vitabu vikubwa alivyovisoma kwa bidii, na katika nyuso za maskini. Kila parokia ina kanisa, na kila mtaa una maskini.

Na sisi sote, tunapowaombea marehemu mwezi huu, tukubali kuchongwa. Tuikumbuke na roho ya Gustave Doré, aliyewaonesha wengi njia ya msituni, na ambaye katika picha yake ya mwisho alielekeza macho yetu kwa yule anayeita kutoka ng'ambo ya bonde. Raha ya milele umpe, ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie. Apumzike kwa amani. Amina.